Mati iko mbele ya macho, mkono unakimbilia saa

BUNIA, Ituri – Jioni, kabla maduka hayajafunga milango, vijana huzunguka ubao mmoja wa sataranji uliowekwa juu ya kasha la bia. Simu imelazwa kando ya ubao: ndiyo saa. Kila mchezaji amepewa dakika 5. Chini ya simu kuna noti mbili za franka zilizokunjwa. Vidole vinagonga kioo, kete zinaanguka na kusimamishwa tena, watu wanapiga kelele. Halafu muda wa mmoja unakwisha, mwenzake anaruka mikono juu, noti zinaingia mfukoni, na mwingine anakaa. Anayeshinda anabaki, anayeshindwa anaondoka.

Katika michezo ya namna hiyo kuna jambo ambalo wanaoshangilia hawaulizi. Hatua kumi kabla ya mwisho, yule aliyeshinda alikuwa na mati ya hatua mbili mbele ya macho yake. Hakuiona. Mwenzake naye hakujua kwamba alikuwa amekwisha kufa. Mara nyingi anayeiona ni mtoto aliyesimama nyuma, ambaye hana saa ya kugonga wala pesa mezani. Akifungua kinywa anaambiwa: « Wewe mtoto, nyamaza, huu ni mchezo wa wakubwa. »

Makala hii iko upande wa mtoto. Wakubwa wanaowafundisha vijana wa Bunia kwamba sataranji ni mbio za vidole wanawapotosha. Wanawafundisha kushinda saa badala ya kumshinda mfalme, na katika mji kama huu kosa hilo haliishii kwenye ubao.

Mati ya lazima ni kitu gani

Kwanza maneno yaeleweke. Sataranji ni jina la Kiswahili cha vitabu. Vijana wa Bunia, kwa kuwa wamesoma kwa Kifaransa, husema esheki, na neno hilohilo ndilo wanalopiga mfalme anaposhambuliwa. Mati ni pale mfalme ameshambuliwa, hana pa kukimbilia, hana wa kumkinga, na kete inayomshambulia haiwezi kuliwa. Hapo mchezo umekwisha, bila kujali saa inasema nini.

Mati ya lazima ni ile isiyomwachia mpinzani uchaguzi. Akifanya hili anakufa, akifanya lile anakufa. Haitegemei mpinzani akosee, na ndiyo sababu inafaa kufundishwa kabla ya mambo mengine yote.

Chukua mfano ambao mtoto wa miaka kumi anaweza kuupanga leo jioni. Mistari ya ubao inayosimama inaitwa a mpaka h, ile inayolala inaitwa 1 mpaka 8. Mfalme mweusi yuko g8, na mbele yake pioni zake tatu ziko f7, g7 na h7. Ngome yake iko d8, inalinda mstari wa nyuma. Weupe wana mfalme g1, malkia e2 na ngome e1, na njia ya e yote iko wazi. Weupe wanacheza.

Mchezaji wa mbio ataona ubao umetulia. Atasogeza pioni, atagonga saa. Lakini malkia anaweza kupanda mpaka e8 na kupiga esheki. Mfalme hawezi kukimbia: pioni zake mwenyewe zimemfungia mlango, na f8 inaangaliwa na malkia. Kitu kimoja tu kinawezekana, ngome nyeusi imle malkia. Halafu ngome nyeupe inapanda, inaila ngome ile pale e8, na mfalme anafia nyumbani kwake, nyuma ya ukuta alioujenga kwa mkono wake.

Wengi hawaioni kwa sababu wanaogopa kumtoa malkia. Hofu hiyo ni ya kawaida. Dawa yake ni kuuliza swali moja: mpinzani wangu atajibu nini? Kama jibu ni moja tu, hakuna haja ya kuogopa, kuna haja ya kuhesabu.

« Mbio ndiyo akili »

Uongo wa kwanza unaozunguka mjini ni kwamba anayecheza haraka ana akili zaidi, na kwamba kuona mati kwa ghafla ni kipawa cha kuzaliwa. Ukiwa nacho unacho, ukikikosa nenda kacheze dama.

Jambo hili limechunguzwa zamani. Mwaka 1946, Mholanzi Adriaan de Groot, mtaalamu wa saikolojia, alitoa utafiti wake juu ya namna wachezaji wa sataranji wanavyofikiri. Mwaka 1973, William Chase na Herbert Simon wa Marekani wakaendeleza njia hiyo. Watu walionyeshwa ubao kwa sekunde chache, halafu wakaombwa kuzirudisha kete mahali pake kwa kumbukumbu. Ubao ulipotoka katika mchezo wa kweli, bingwa alirudisha kete nyingi kuliko anayeanza. Kete zilipotawanywa ovyo, bila mpango wa mchezo wowote, ubora wa bingwa ulikaribia kutoweka.

Maana yake ni rahisi. Bingwa hana macho ya ajabu. Ameona maumbo mengi, na akiliona umbo analitambua, kama vile mama wa sokoni anavyotambua noti ya bandia kwa kidole kabla hajaitazama. Mama huyo hakuzaliwa na kidole hicho. Ameshika noti nyingi, na mwanzoni alizishika polepole.

Ndiyo maana László Polgár wa Hungaria, baba aliyewafundisha binti zake watatu sataranji nyumbani, alipotoa kitabu chake kikubwa cha mazoezi 5334, alianza na mati za hatua moja, na zaidi ya mazoezi 3000 yakawa ya mati za hatua mbili. Binti yake mdogo, Judit, alipata cheo cha mkuu wa sataranji mwaka 1991 akiwa na miaka 15. Nyumba hiyo ilimpa mtoto maumbo kwa maelfu ndipo umbo likamjia lenyewe, hata saa ikikimbia.

Mfano wa New York

Wapenzi wa mbio watasema: mbona mabingwa wenyewe wanacheza haraka? Ni kweli. Kwa sheria za shirikisho la sataranji la dunia, FIDE, mchezo wa dakika 10 au chini yake kwa kila mchezaji unaitwa wa kasi kabisa, na una ubingwa wake wa dunia. Magnus Carlsen wa Norwei ameuchukua mara kadhaa. Basi na tuangalie alichofanya Carlsen siku moja muda ulipokuwa mfupi.

Tarehe 30 Novemba 2016, mjini New York, ubingwa wa dunia ulifikia michezo ya haraka ya kuvunja sare, dakika 25 kwa kila mmoja na sekunde 10 za nyongeza kwa kila hatua. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Carlsen, alitimiza miaka 26. Katika mchezo wa nne, Sergey Karjakin wa Urusi alikuwa amemsogelea mfalme mweupe kwa malkia na ngome. Angepewa nafasi moja tu, yeye ndiye angepiga mati.

Carlsen hakumpa. Katika hatua ya 50 alimweka malkia wake h6, mbele ya mdomo wa mfalme mweusi aliyekuwa h7. Mfalme akimla malkia, ngome ya c8 inakwenda h8 na kupiga mati. Pioni ya g7 ikimla malkia, ngome ya f5 inaila pioni ya f7, nayo ni mati vilevile. Njia mbili, kaburi moja. Karjakin alikubali kushindwa, na ubingwa ukabaki Norwei.

Mtu aliyezoea kugonga simu angefanya nini hapo? Angeona mfalme wake mwenyewe ana hatari, angerudisha kete kujilinda, na angeshukuru saa. Carlsen alitafuta esheki kwanza. Alipoipata, alihesabu majibu mawili, hakuna la tatu, na akaisogeza kete. Ile ilikuwa haraka ya mtu aliyekwisha jifunza polepole.

Kuna mfano wa upande wa pili. Mwaka 2006, huko Bonn, Ujerumani, Vladimir Kramnik, bingwa wa dunia wakati ule, alicheza na kompyuta iitwayo Deep Fritz. Katika mchezo wa pili hakuwa na mbio zozote, muda ulikuwepo. Alisogeza malkia wake kwa utulivu, na kompyuta ikampiga mati kwa hatua moja, malkia mweupe h7. Walioeleza kosa hilo walisema kwamba malkia yule alilindwa na farasi aliyesimama f8, mahali ambapo jicho halijazoea kumwona farasi katika mati.

Kosa la Kramnik linawapa wapenzi wa mbio nusu ya haki: muda peke yake hauoni. Lakini linawanyang'anya nusu kubwa zaidi. Ikiwa bingwa wa dunia mwenye muda anaweza kuikosa mati ya hatua moja kwa sababu umbo lilikuwa geni, kijana ambaye hajafundishwa umbo hata moja ataona nini ndani ya sekunde tatu?

« Ubao ni mmoja, watoto ni kumi na wawili »

Hoja yenye nguvu kuliko zote ni hii, na inatoka kwa watu wenye nia njema: walimu, wasimamizi wa vijana, kaka wakubwa wa mtaa. Wanasema: « Tuna ubao mmoja. Watoto ni kumi na wawili. Jioni ni fupi, na hapa watu hawapendi mtoto abaki njiani usiku. Tukicheza polepole, wawili watacheza na kumi watalala. Dakika tano ndizo haki ya kila mtoto. »

Hoja hiyo haifai kudharauliwa. Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021, na mzazi wa Bunia anajua kwa nini anataka mtoto awe ndani kabla giza halijaingia. Mbao nazo si nyingi, na anayenunua ubao ananyima kitu kingine.

Lakini hesabu yenyewe imekosewa. Katika mbio za dakika tano, watoto wawili wanacheza na kumi wanangoja zamu. Anayeshinda anabaki, kwa hiyo aliye dhaifu anacheza mara moja, anafukuzwa, anarudi nyuma ya mstari. Mtoto anayehitaji kujifunza zaidi ndiye anayekaa kwenye ubao muda mfupi zaidi. Ukisema hiyo ndiyo haki, mwulize yeye.

Sasa geuza. Mwalimu anapanga mati ya hatua mbili juu ya ubao uleule. Watoto wote kumi na wawili wanasimama kuuzunguka. Hakuna anayegusa kete. Hakuna anayepiga kelele. Anayeona jibu anakuja kulinong'oneza sikioni mwa mwalimu, pamoja na majibu yote ya mpinzani, siyo hatua ya kwanza tu. Akikosea anarudi kutazama. Baada ya dakika tano, muda usiozidi ule wa mchezo mmoja wa mbio, watoto kumi na wawili wamefikiri, siyo wawili.

Na hata ubao si lazima. Ubao wa darasa na chaki vinatosha. Uwanja wa udongo na kijiti vinatosha, kwa vifuniko vya chupa vilivyoandikwa herufi kwa makaa. Mtoto aliyekimbia Djugu akafika Kigonze bila daftari anaweza kushiriki sawasawa na mtoto wa mfanyabiashara mwenye simu ya bei. Uhaba wa mbao, kwa hiyo, hauwezi kuwa sababu ya kuchagua mbio. Unatuelekeza kwenye zoezi la mati.

Njia ya kufundisha ni fupi, na inafaa hata saa ikiwepo. Kabla ya kusogeza kitu, tazama kila esheki iliyopo, hata ile inayoonekana ya kijinga. Halafu tazama kila kete inayoweza kuliwa. Halafu tazama kila tishio. Katikati ya mchezo mtu huwa na hatua halali kama 30 au 40, lakini za esheki mara nyingi ni mbili au tatu tu. Kuzipitia hakuhitaji dakika, kunahitaji mazoea. Mwisho, hesabu nyumba za mfalme: ngapi zimezibwa na kete zake mwenyewe, ngapi zinaangaliwa na zako, imebaki ngapi. Ikibaki moja, tafuta kete ya kuiziba. Ikibaki sifuri, piga.

Mtoto aliyefanya hivyo mara mia mbili polepole atafanya kwa sekunde nne mbele ya saa. Mtoto aliyecheza michezo ya mbio mia mbili bila hivyo amejifunza kugonga kioo.

Saa haina shahidi

Liko jambo zito zaidi, ambalo watu wa Bunia hawahitaji kuelezwa mara mbili.

Mchezo unaoishia kwa saa ya simu huishia mara nyingi kwa ugomvi. « Uligonga kabla hujaachia kete. » « Simu yako inakimbia. » « Uliangusha mfalme wangu makusudi ili muda wangu uishe. » Nani atathibitisha? Wanaotazama wamegawanyika, kila mmoja upande wa rafiki yake. Na pesa ziko pale chini.

Mji huu unajua ugomvi mdogo unavyopata jina kubwa. Uliona vita vya 1999 mpaka 2003. Umeona moto ukiwaka tena Djugu tangu mwisho wa mwaka 2017. Vijana wawili wanaogombana juu ya noti moja si vijana wawili tu kwa muda mrefu. Baada ya neno la tatu mtu huulizwa anatoka wapi, na baada ya neno la nne ubao unasahaulika.

Mati haina mgogoro wa namna hiyo. Iko mbele ya watu wote. Mfalme yuko hapa, ameshambuliwa na kete hii, hana nyumba. Anayebisha anaombwa aonyeshe nyumba ya kukimbilia. Hakuna kabila la kuitwa, hakuna rafiki wa kumtetea, kila mtu aliyesimama pale, hata yule mtoto aliyeambiwa anyamaze, anaweza kuthibitisha kwa kidole. Katika Ituri si mambo mengi ambayo pande zote mbili huyatazama kwa macho yao na kukubali kwamba yamekwisha. Kuwanyima vijana zoezi la namna hiyo, na kuwapa badala yake shindano la kugonga simu, ni kupoteza kitu chenye faida kwa kitu chenye kelele.

Sheria zenyewe za mchezo ziko upande huo. FIDE inasema anayeishiwa muda ameshindwa, isipokuwa kama mpinzani wake hana njia yoyote halali ya kufikia mati. Hapo mchezo ni sare. Yaani hata ushindi wa saa unapimwa kwa mati. Mwenye mfalme peke yake hawezi kudai ushindi kwa sababu simu imelia. Ni wachezaji wangapi wa barabarani wanaijua sheria hiyo? Na wangapi wamekwisha kulipa pesa ambazo hawakudaiwa?

Hapo pia pesa zinaingia katika hoja. Wakubwa wanaopenda dau wanasema pesa ndiyo inayomfanya kijana awe makini. Wangekuwa wa kweli zaidi kama wangesema mbio ndiyo inayofanya pesa izunguke. Mchezo wa polepole unatoa mshindi mmoja kwa saa moja. Mbio zinatoa washindi kadhaa, na kila mara noti zinabadilisha mfuko. Kijana aliyeuza mayai ya kuchemsha mchana kutwa anapoteza mtaji wake wa kesho ndani ya robo saa, mbele ya mtu ambaye hakumshinda kwa akili ila kwa kidole chepesi. Bunia ina vibanda vya kutosha vya kubashiri mpira. Haihitaji kugeuza sataranji iwe kibanda kingine.

Somo la Kampala

Wafanyabiashara wa Bunia wanaifahamu njia ya Mahagi mpaka Kampala. Wanaporudi na mizigo, warudi pia na habari hii. Katika Katwe, mtaa wa maskini wa Kampala, Robert Katende aliwakusanya watoto kwa uji na ubao wa sataranji. Mmoja wa waliokuja ni Phiona Mutesi, msichana aliyekuwa ameacha shule kwa sababu ya umaskini. Baadaye aliiwakilisha Uganda katika olimpiadi ya sataranji, na baada ya ile ya Istanbul mwaka 2012 alipata cheo cha FIDE cha mgombea ubingwa wa wanawake. Kitabu kiliandikwa juu yake, na mwaka 2016 filamu ya Queen of Katwe ikatoka.

Watu wengi hapa wanaijua filamu, wanasema: « Yule alizaliwa na kipawa. » Labda. Lakini kipawa hicho kingekuwa wapi bila mtu aliyekaa naye jioni baada ya jioni, bila dau mezani, kumwonyesha mfalme anakufa vipi? Katwe haikuwa na umeme wa uhakika kuliko Bunia, wala mbao za dhahabu. Ilikuwa na mtu mzima aliyechagua kufundisha.

Kinachoombwa

Hakuna anayeomba mbio zipigwe marufuku. Mchezo wa dakika tano ni furaha, na mwisho wa somo watoto wana haki ya kufurahi. Unaonyesha pia nani amejifunza na nani bado. Kosa ni kuuweka mwanzo na kuuita shule.

Kwa hiyo maombi ni machache. Wasimamizi wa vijana katika komini za Mbunya, Shari na Nyakasanza, na maprefe wa shule wanaokubali sataranji baada ya masomo, waanze kila kikao kwa mati tatu za kunong'oneza kabla ya mchezo wowote. Wanaoandaa mashindano watoe alama, hata ndogo, kwa anayemaliza kwa mati kuliko kwa saa, mradi watangaze hivyo mapema. Waandike sheria ya saa kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Dau lisiwepo mahali palipo na mtoto. Na mtu mzima anayemwona mtoto nyuma ya mabega ya wachezaji akinyoosha kidole, mchezo ukishakwisha, amwite, azirudishe kete zilivyokuwa, amwulize: « Uliona nini? »

Kwa watakaotaka kuanza jioni hii, zoezi ni hili. Weupe: mfalme g1, malkia c4, farasi h6. Weusi: mfalme h8, ngome d8, pioni g7 na h7. Hakuna kete nyingine. Weupe wanacheza, mati ya lazima kwa hatua mbili. Wakikawia hatua moja tu, pioni ya g7 itamla farasi na yote yatakuwa yamekwisha. Umbo lake ni la zamani sana, limo katika kitabu cha Mhispania Lucena cha mwaka 1497, na bado kila siku kuna mtu duniani anayelipita akikimbilia saa.

Zima simu kwanza. Jibu lisipigwe kelele, linong'onezwe.